Chujio la udongo, la nyuzi, la mkaa wa mifupa au RO: lipi linafaa maji yako?

Kwenye maonyesho ya biashara hukosi kumkuta: kijana mwenye fulana ya kampuni, meza, glasi mbili na kifaa chenye vijiti vya chuma. Glasi moja ina maji ya bomba, nyingine ina maji yaliyopita kwenye mashine anayoiuza. Anatumbukiza vijiti, anawasha umeme, na baada ya dakika chache maji ya bomba yamegeuka rangi ya kutu, yana povu na uchafu unaoelea. Glasi ya pili iko vilevile. "Mama, haya ndiyo unayowapa watoto." Watu wanashika midomo, wengine tayari wameshatoa simu walipie.

Kutu ile haikuwemo majini. Imetoka kwenye vijiti. Maji ya bomba yana chumvichumvi kidogo, ndiyo maana yanapitisha umeme, na umeme ukipita unakula chuma. Maji ya mashine yamenyang'anywa karibu chumvi zote, umeme haupiti, vijiti havilikwi. Mwombe atie chembe za chumvi ya jikoni kwenye ile glasi "safi" kisha arudie, uone nayo itakavyochafuka. Onyesho zima linathibitisha jambo moja tu, kwamba mashine inaondoa chumvi. Kuhusu kipindupindu au homa ya matumbo halisemi neno.

Kile kipimo cha TDS, kijiti chenye namba ambacho wauzaji hupenda kukichovya kwenye ndoo, kina kasoro hiyohiyo. Kinapima vitu vilivyoyeyuka. Maji ya mvua yaliyopita kwenye paa lenye kinyesi cha ndege yanaweza kukupa namba nzuri sana.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, uliza maji yako yana nini. Hapa nimechukua aina nne zinazopatikana Afrika Mashariki: chungu cha udongo chenye madini ya fedha, chujio la nyuzi zenye matundu, mkaa wa mifupa, na mashine ya RO (kifupi cha "reverse osmosis", kusukuma maji kwa presha yapenye utando). Zote zinauzwa kwa maneno yaleyale, "asilimia 99.9", lakini kila moja inapigana na adui tofauti.

Ukubwa wa adui

Maikromita moja ni sehemu ya milioni ya mita, na ndani yake mna nanomita 1,000. Giadia, kimelea cha kuharisha, kina maikromita 8 hadi 12. Kriptosporidia ni mdogo zaidi, 4 hadi 6. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa maikromita 1 hadi 3 na upana wa kama nusu maikromita. Ukishuka hapo unaingia kwenye virusi: rota, anayeharisha watoto wachanga, ana nanomita 70 hadi 80, na virusi vya polio na homa ya ini A vina nanomita zipatazo 30 tu. Chini kabisa ipo floraidi, ambayo si mdudu. Ni chembe ya madini iliyoyeyuka, na haifiki hata nanomita moja.

Weka orodha hiyo kichwani, maana karatasi ya chujio karibu kila mara hutaja ukubwa wa vitundu vyake. Kikisomeka maikromita 0.1, yaani nanomita 100, bakteria na vimelea wanabaki nje, virusi vingi vinapita. Kikisomeka 0.02, virusi navyo vinanaswa kwa sehemu kubwa. Floraidi na chumvi zinapita kote kuwili. Ni kumtega dagaa kwa nyavu ya sangara.

Chungu cha udongo

Asili yake ya kisasa ni Guatemala mwaka 1981, kwa kazi ya mkemia Fernando Mazariegos, na tangu hapo kimesambaa kwa viwanda vidogo duniani, vikiwemo vya kwetu Afrika Mashariki. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga zilizosagwa, unafinyangwa, unachomwa tanuruni. Pumba zinaungua na kuacha vijinjia vyembamba ambamo maji hupenya polepole. Kisha chungu kinapakwa au kulowekwa kwenye maji yenye chembe za madini ya fedha za ukubwa wa nanomita. Hii ndiyo sehemu ya nano, na ni ya kweli: chembe hizo huachia ioni za fedha kidogo kidogo, nazo hushambulia ngozi na protini za bakteria.

Nguvu yake iko kwa bakteria na vimelea. Kwa virusi ni dhaifu, na muuzaji mkweli atakuambia. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuyapa machujio ya nyumbani nyota. Nyota tatu ni kwa linaloondoa angalau asilimia 99.99 ya bakteria na ya vimelea na asilimia 99.999 ya virusi. Nyota mbili zinataka 99, 99 na 99.9, nyota moja ni kwa linalofikia kiwango cha nyota mbili katika makundi mawili kati ya hayo matatu. Kinachokiangusha chungu cha kawaida ni virusi.

Lakini mimi nakipenda, na sababu yangu haihusu vitundu. Chungu hukaa ndani ya ndoo yenye mfuniko na koki. Maji yakishachujwa hakuna kikombe kinachochovywa, hakuna mkono wa mtoto. Nyumba nyingi maji huchafukia humohumo ndani, baada ya kuchemshwa vizuri kabisa. Kinachukua lita moja hadi tatu kwa saa kikiwa kipya, kwa hiyo unajaza usiku na asubuhi una ya kunywa. Maji yakiwa na tope kinaziba. Unakisugua kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Kikianza ghafla kutoa maji kwa kasi usifurahi, kina ufa.

Ukiongeza klorini, WaterGuard au nyingine, kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, unaziba pengo la virusi. Na chungu kinaziba pengo la klorini, maana kriptosporidia haijali klorini ya kiwango cha nyumbani. Kwa pesa kidogo, sijaona mchanganyiko unaoushinda huu.

Chujio la nyuzi

Ndani yake mna mamia ya mirija ya plastiki myembamba iliyokunjwa, kuta zake zimejaa vitundu. Maji yanasukumwa kutoka nje ya mrija kwenda ndani, uchafu unabaki nje. Teknolojia hii ni ndugu wa ile ya kusafishia damu hospitalini. Linatoa maji kwa kasi kuliko chungu, halivunjiki likidondoka, na likitunzwa linadumu miaka.

Tofauti za ndani ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua chapa mbili: Sawyer ni maikromita 0.1. LifeStraw ya familia ni 0.02. Yanaonekana ya kundi moja dukani, lakini la pili linazuia virusi kwa kiwango ambacho la kwanza haliwezi. Ukinunua bila kusoma namba hiyo, hujui ulichonunua.

Udhaifu wake ni matunzo. Kila mara lazima urudishe maji nyuma kwa bomba la sindano au kwa kubana kipira ili kuondoa uchafu ulionasa. Likiachwa likauke na uchafu wake, linakwama. Mwaka 2011 magharibi mwa Kenya ziligawiwa LifeStraw zipatazo laki tisa nyumba kwa nyumba, bure, mradi ukilipiwa na biashara ya hewa ukaa kwa hoja kwamba watu wataacha kuchoma kuni za kuchemshia maji. Watafiti waliorudi miaka miwili mitatu baadaye walikuta kama kaya moja tu katika tano inalitumia. Chujio lilikuwa zuri. Kulisafisha kila siku, vipuri na mtu wa kumuuliza ndivyo vilivyokosekana. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana kipuri cha koki dukani sasa hivi, akuonyeshe kwa macho.

Mkaa wa mifupa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chombo kinachodharauliwa na pia ndicho cha ajabu kuliko vyote.

Bonde la Ufa limekaa juu ya miamba ya volkano yenye floraidi, nayo inayeyukia majini. Arusha, Meru, Kilimanjaro, Singida, na upande wa Kenya Nakuru, Naivasha na Baringo, watu wanaijua kwa meno: madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Mtoto anayapata kabla ya umri wa miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa yenyewe inaathirika. Miguu inapinda, mgongo unakakamaa. WHO inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kuchemsha hakusaidii, kunaongeza. Maji yanatoka kama mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Chungu hakisaidii. Nyuzi hazisaidii. Klorini haisaidii.

Mfupa unasaidia. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa moto wa nyuzi joto 400 hadi 500 hewa ikiwa kidogo, inasagwa kuwa chenga, inajazwa kwenye ndoo au bomba, maji yanapitishwa taratibu. Kinachobaki baada ya nyama na mafuta kuungua ni madini yanayoitwa haidroksiapataiti, na madini hayo mwilini mwa ng'ombe yalijengwa tangu mwanzo kwa fuwele za ukubwa wa nanomita. Gramu moja ya mkaa mzuri ina eneo la ndani la mita za mraba zipatazo 100. Maabara zinatumia fedha nyingi kutengeneza haidroksiapataiti ya nano. Ile ya machinjioni imekwisha tengenezwa. Floraidi inaingia kwenye fuwele na kuchukua nafasi ya haidroksili, kipande kimoja cha madini hayo. Jino nalo limejengwa kwa madini hayohayo, ndiyo maana floraidi inayaendea meno ya mtoto. Kwa chujio la mifupa tunaipa floraidi mfupa mwingine wa kung'ang'ania kabla haijafika kinywani.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya mkaa huu kwa miaka mingi, na Nakuru mpango wa maji wa dayosisi ya Katoliki umekuwa ukitengeneza machujio ya aina hii. Uchomaji ndio ufundi wenyewe. Moto ukiwa mdogo, maji yanatoka na harufu na rangi, na mama wa nyumba hatayanywa mara ya pili. Ukizidi, fuwele zinaungana na kukua, eneo la kunasia linapungua. Mkaa mweupe pee usiununue. Waislamu watauliza mifupa ya mnyama gani na aliyechinjwa vipi, wana haki ya kuuliza, na mtengenezaji anayejiheshimu ana jibu.

Mapungufu mawili. Kwanza, hauui vijidudu, kwa hiyo baada yake weka chungu au klorini. Pili, unajaa. Kila sehemu ya kunasia ikishashikwa, floraidi inaanza kupita tena, na maji yanabaki na ladha ileile, rangi ileile.

Mashine ya RO

Utando wake hauna vitundu kwa maana ya kawaida. Maji yanasukumwa kwa presha yapenye ndani ya plastiki yenyewe, chumvi zinakataliwa. Inaondoa floraidi, chumvi, virusi, bakteria, karibu kila kitu. Ndiyo teknolojia inayonywesha miji ya Ghuba kutoka baharini, na Kiunga, pwani ya kaskazini ya Kenya, iko mitambo ya aina hii inayoendeshwa kwa jua tangu 2018.

Kwa kisima cha chumvi cha Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hakuna kingine katika hizi nne kitakachokusaidia. Kwa wengine, fikiria mara mbili. Mashine ya nyumbani humwaga lita mbili hadi nne kwa kila lita moja unayokunywa. Mahali pa mgao, ambapo maji yanakuja mara mbili kwa wiki na dumu linanunuliwa, hiyo ni hasara inayouma. Inataka pampu na umeme. Inataka machujio ya awali kubadilishwa kwa wakati, la sivyo utando unaharibika, na utando ndio ghali. Maji ya kumwaga yaoshee vyombo au choo, kama chanzo si cha chumvi kali.

Watu wenye maji ya mamlaka yasiyo na chumvi wala floraidi wanaonunua RO wananunua kutoka kwa yule kijana wa vijiti.

Na yale ya maabara?

Yapo, na mengine ni ya hapa hapa. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyesomea nano Korea Kusini, akifanya kazi katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano, na kulirekebisha kulingana na maji ya eneo husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Wazo lake la kupima maji kwanza ndipo uchague cha kutia kwenye chujio ndilo ningependa wauzaji wote waibe.

India, T. Pradeep na wenzake wa chuo cha teknolojia cha IIT Madras walitengeneza kitu cha kunasia cha chembechembe za oksihidroksaidi ya chuma zenye nanomita chache, zilizoshikiliwa na kitosani, sukari ndefu inayotoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Hicho kinanasa aseniki, madini yenye sumu, na kimefika vijijini. Floraidi ni kesi nyingine, kwa hiyo mtu akikuambia amekuletea "nano ya India", muulize ya madini gani.

Chuo Kikuu cha Manchester, kundi la Rahul Nair lilionyesha mwaka 2017 jinsi ya kudhibiti nafasi kati ya tabaka za oksaidi ya grafini (grafini ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) ili zisivimbe majini, na zikazuia asilimia 97 ya chumvi. Habari zilisambaa kama vile kesho yake tungenunua dukani. Hazijafika kwenye ndoo zetu. Kutengeneza utando wa mita moja usio na kasoro ni kazi nyingine kabisa. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa fuwele za metali na viungo vya kaboni zenye vyumba vya nano ndani yake, baadhi zikiwa na uwezo wa kuvuta maji kutoka hewa ya jangwani. Hiyo nayo ni ya kufuatilia, si ya kuagiza kwa mkopo. Chujio linalotangazwa leo mtandaoni kwa jina la grafini bila cheti cha maabara inayojulikana, mimi nalipita.

Ungekuwa wewe

Unachota ziwani, mtoni au kisima kifupi, Kigoma, Kisumu au Bujumbura: tishio ni vijidudu. Chungu na klorini, au nyuzi za 0.02 kama uko tayari kuzisafisha kila siku. Kwa familia yenye watoto wadogo na mama mmoja mwenye kazi zote, nachagua chungu bila kusita.

Maji ya bomba mjini, yanahifadhiwa kwenye tangi la juu: huenda huhitaji chujio kabisa. Safisha tangi, funga mfuniko, tumia klorini au chemsha. Pesa inayobaki nunua ndoo ya koki.

Kisima cha chumvi pwani: RO, au vuna mvua. Paa la bati na tangi vinaweza kukupa maji ya kunywa bila umeme, mradi ile mvua ya kwanza inayoosha paa uimwage.

Ukanda wa floraidi: mvua tena, kama paa lipo, kisha mkaa wa mifupa na klorini. RO ukiwa na umeme na bomba la kudumu. Kama maji salama hayatoshi wote, yaende kwanza kwa watoto walio chini ya miaka minane na kwenye sufuria, kwa sababu maharage, ugali na chai vinabeba floraidi ya maji yaliyopikia. Na magadi ya kulainishia makande yaache. Mengi yana floraidi yake.

Kabla ya yote hayo, jaza chupa ya plastiki ya lita moja, si ya kioo, uipeleke maabara ya maji ya bonde au ya mamlaka wapime floraidi. Ukishanunua mkaa wa mifupa, peleka chupa nyingine ya maji yaliyochujwa wiki ya kwanza, kisha rudia kila baada ya miezi michache mpaka ujue mkaa wako unachoka lini kwa maji yako. Muuzaji akikuambia utaligundua kwa ladha, nenda duka la pili.